Msifute tu barua taka, tegeni chambo cha Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia ya wiki iliyopita ilitushauri wasomaji tufiche anwani zetu za barua pepe, tusiwajibu tusiowajua, na kila barua taka ikiingia tuifute pasipo kuifungua. Kwa mtu mwenye simu yake na anwani yake moja, ushauri huo ni mzuri na sina la kuongeza. Lakini kazi yangu mimi ni kutunza seva za barua pepe za nyumba za wageni na ofisi ndogo ndogo hapa Mji Mkongwe, na naomba nafasi nizungumzie upande ambao safu hiyo haikuugusa. Barua taka iliyofutwa haimfundishi mtu, wala haiifundishi mashine. Lazima wawepo wachache miongoni mwetu wanaoziita barua hizo kwa makusudi, wakazipokea kwa mamia, wakazihifadhi na kuvilisha vichujio, yaani programu zinazotenga barua taka na barua halali. Na gazeti la Kiswahili kama lenu, kwa maoni yangu, lina nafasi nzuri mno ya kuifanya kazi hiyo.

Najua inavyosikika. Mwenye nyumba moja ya wageni nilipomwambia nataka kuficha anwani za uongo ndani ya tovuti yake ili matapeli waziokote, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimepungukiwa na kazi.

Basi niwaeleze kwanza wateja wangu wanapokea nini. Anayejifanya mgeni huandika kwamba anataka vyumba sita kwa wiki tatu, yeye na jamaa zake wanakuja harusini. Haulizi bei. Haulizi kama kuna kiyoyozi, wala umbali wa kutoka uwanja wa ndege. Huuliza jambo moja tu: mnapokea kadi ya benki? Ukimjibu ndiyo, anaomba mkate kwenye kadi yake fedha zaidi ya gharama ya vyumba, ile ziada mumtumie "wakala wake wa usafiri", kwa sababu eti wakala hana mashine ya kadi. Kadi ni ya wizi. Mwenyewe halisi akigutuka analalamika, benki inazirudisha fedha zote kwake, na zile alizokwisha kutumiwa wakala zimetoka mfukoni mwa mwenye nyumba. Barua nyingine hutoka kwa anayejiita msajili wa domeini, yaani majina ya tovuti, huko China: kuna kampuni inataka kulisajili jina la hoteli yako Asia nzima, nawe una siku chache za kulipa ili ulilinde. Kampuni hiyo haipo. Za kukupandisha ukurasa wa kwanza wa Google hata sizitaji.

Zikija kwa Kiingereza, barua za namna hii hunaswa nyingi na kichujio kabla mtu wa mapokezi hajaziona. Kichujio hakikuzaliwa kikizijua. Kilifundishwa, na sehemu ya mafunzo hayo imetokana na watu waliotega mitego.

Barua taka ya kwanza inayotajwa sana ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 katika mtandao wa ARPANET wa Marekani, pale Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alipowatangazia kompyuta mpya watu wapatao 400 kwa mkupuo. Walikasirika. Miaka mingi baadaye, barua hizo zilipokuwa mafuriko, dawa iliyotumika ilikuwa orodha: fundi anaandika sheria kwa mkono, barua yenye neno fulani itupwe. Tapeli anabadilisha herufi moja, fundi anaandika sheria nyingine, na usiku unakwisha hivyo. Mwaka 1998 Mehran Sahami na watafiti wenzake walionyesha njia tofauti, ya hesabu za uwezekano zenye asili yake kwa Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 18. Agosti 2002 mwandishi wa programu Paul Graham aliieleza njia ya aina hiyo kwa lugha nyepesi, na hapo mafundi wengi wakaichukua.

Njia yenyewe haina uchawi. Unaipa programu rundo la barua taka na rundo la barua halali. Inahesabu kila neno limetokea mara ngapi upande huu na mara ngapi upande ule. Barua mpya ikija, inayatazama yale maneno yaliyoegemea mno upande mmoja, inaujumlisha ushahidi wake na kutoa uamuzi. Graham alitumia barua kama 4,000 kila upande. Kilichonifurahisha nilipomsoma ni kwamba mashine iliona alama ambazo binadamu asingezifikiria: ff0000, msimbo wa rangi nyekundu kali katika kurasa za HTML, ulikuwa ushahidi mzito sawasawa na maneno ya picha za ngono. Hakuna fundi ambaye angekaa usiku akaandika sheria dhidi ya rangi nyekundu.

Sasa rundo hilo la barua taka litoke wapi? Kikasha cha mtu mmoja ni kidogo, tena mtu huyo inabidi akae akiamua kila barua: hii taka, hii siyo, hii ni tangazo la duka ambalo nilijiandikisha mwenyewe nikasahau. Watu hubishana. Anwani ya mtego haina mwenyewe. Hakuna aliyejiandikisha nayo popote, hakuna rafiki anayeijua, haikuwahi kuandikwa kwenye kadi ya biashara. Kinachoingia humo hakikuombwa na mtu, na mashine inaweza kukisoma kama taka hata saa nane za usiku bila kumwamsha fundi.

Mwaka 2004 Matthew Prince na Lee Holloway walianzisha Marekani mradi unaoitwa Project Honey Pot, ambao ulimwezesha mwenye tovuti yeyote kuweka ukurasa wa mtego. Kila anayeutembelea ukurasa huo huonyeshwa anwani ya barua pepe ya peke yake, ambayo hajaonyeshwa mwingine, na mfumo unaandika ni namba gani ya IP, yaani anwani ya mashine mtandaoni, iliyokuja kuichukua na saa ngapi. Barua taka ikija baadaye kwenye anwani ile, unamjua aliyeiokota na unamjua aliyetuma, nao mara nyingi ni watu wawili tofauti: mmoja anakusanya anwani na kuuza, mwingine ananunua na kutuma. Kufikia Desemba 2009 mradi ulikuwa umepokea barua taka bilioni moja. Prince na Holloway, pamoja na Michelle Zatlyn, wakatoka hapo wakaanzisha Cloudflare, kampuni ambayo leo tovuti nyingi tunazozifungua kila siku zinapitia kwenye mitambo yake. Mradi wa kuokota takataka ulizaa tajiri. Mwenye nyumba wangu nilipomweleza hilo, alilainika.

Mtego wangu ni wa kimaskini. Nina domeini ya bei ndogo isiyotumiwa kwa kazi nyingine yoyote, seva ndogo ya kukodi, na programu ya kuchuja barua taka iitwayo SpamAssassin, ambayo ni bure na ndiyo iliyomo katika huduma nyingi za kukodisha tovuti zinazotumiwa na wenye biashara ndogo. Katika kurasa za wateja waliokubali nimeweka anwani ambazo jicho halizioni, ila roboti inayopitia msimbo wa ukurasa na kuokota kila penye alama ya @ huzibeba zote. Kila ukurasa una anwani yake, ili nijue nani ameibiwa wapi. (Anayetaka kunifuatiza awakumbuke wasioona: wapo wanaosomewa ukurasa na programu kwa sauti, na mtego uliofichwa kizembe watausikia. Kuna namna ya kuiambia programu ile ipite bila kuutaja.) Zaidi ya hizo zipo barua zinazokuja bila chambo chochote. Matapeli hubuni: info, sales, admin, accounts, mbele ya domeini yoyote wanayoiona imesajiliwa. Kikasha changu kimeachwa wazi kwa jina lolote litakalobuniwa. Wapo wanaomwandikia kila wiki mhasibu ambaye hajapata kuwepo.

Nina miiko yangu. Barua za mtego hazijibiwi, hata ile inayokera. Picha zake hazifunguliwi, kwa sababu picha ikivutwa kutoka seva ya mtumaji inampasha habari kwamba upande wa pili kuna mtu. Viambatanisho haviguswi. Na anwani ya mtego haiandikishwi katika jarida la mtu wala duka la mtu. Ukiipenyeza kwenye orodha ya mfanyabiashara mwaminifu, kisha barua yake ikija ukampiga muhuri wa utapeli, hapo tapeli ni wewe. Jina la domeini silitaji kwa mtu, na humu pia silitaji. Matapeli wenye orodha za anwani wakilijua wataliondoa, na mtego utabaki mtupu.

Wanaosema kwamba kuziita taka ni kuziongeza duniani hawajaona ukubwa wa orodha hizo. Anayetuma kwa mamilioni, anwani zangu hazimwongezei wala hazimpunguzii. Gharama ni ya bando na nafasi ya diski, naibeba mimi, na barua za maandishi ni nyepesi.

Lakini mtego una mpaka wake, na hapa wauzaji wa vichujio huwa hawasemi ukweli wote. Mvuvi wa dema akihesabu samaki wa bahari kwa kile kilichoingia demani mwake, ataapa kwamba jodari hayupo. Mtegoni huingia taka za mkupuo tu. Ile barua iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, yenye jina la mhasibu wenu na jina la anayewauzia mashuka, ikisema kwa upole kwamba akaunti ya benki imebadilika, malipo ya mwezi huu yapelekwe kwenye namba mpya, hiyo haiji kwenye anwani isiyo na mwenyewe. Dhidi ya hiyo dawa ni kuinua simu ukampigia muuzaji kwa namba unayoijua siku zote. Kichujio nakipenda, ila sitakisingizia uwezo kisichokuwa nao.

Nije kwenye Kiswahili, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Barua taka za Kiswahili niliziona kwa nadra zamani, leo sizioni kwa nadra. Mkopo wa haraka kwa riba ya asilimia 3 bila dhamana. Mjane mgonjwa mwenye mamilioni benki anayemtafuta mcha Mungu wa kumrithisha. Sanduku lililokwama forodhani. Ni zile zile tulizozijua kwa Kiingereza, zimepitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, zikatoka na Kiswahili cha ajabu lakini kinachoeleweka, na kwa mzee asiyesoma Kiingereza zina nguvu kuliko zile za awali, kwa kuwa zamani angalau hakuzielewa. Kichujio kilicholelewa kwa Kiingereza kikiyaona maneno haya hakina kumbukumbu nayo. Katika hesabu ya Graham neno lisilojulikana lilipewa alama 0.4, katika kipimo cha 0 (halali) hadi 1 (taka), yaani karibu na katikati, na kama limeegemea, limeegemea upande wa kuaminiwa. Nendeni mkahesabu wenyewe barua nzima ya maneno ya namna hiyo itapata hukumu gani.

Mtasema, basi kilishwe taka za Kiswahili tu. Hapo ndipo penye hatari. SpamAssassin, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, haianzi kuitumia hesabu ya Bayes mpaka ifundishwe angalau barua 200 za taka na 200 halali. Sharti hilo ni zuri, ila halitazami lugha. Ukiilisha taka za Kiswahili huku barua halali zote ulizonazo ni za Kiingereza, itajifunza kwamba "ndugu", "tafadhali", "mkopo" na "shilingi" ni maneno ya wezi. Siku hiyo taarifa ya SACCOS kwa mwanachama wake itaingia kwenye folda ya taka pamoja na mjane mwenye mamilioni, na mashine itakuwa imefanya vile vile ilivyofundishwa.

Mtego unanipa nusu moja ya somo. Nusu ya pili, Kiswahili halali, siipati. Wageni wa wateja wangu huandika Kiingereza, Kitaliano, Kijerumani. Wafanyakazi wao kwa wao huandikiana WhatsApp. Barua chache za Kiswahili zinazopita kwenye seva zina mishahara ndani yake, zina maradhi, zina ugomvi wa mirathi, nazo ni amana. Kuzipitisha tu si ruhusa ya kuzichukua.

Ninyi mnacho Kiswahili hicho. Barua za wasomaji mlizozichapisha miaka nenda miaka rudi ni Kiswahili cha watu wa kweli wa kila aina, kimetolewa hadharani kwa hiari yao: malalamiko ya maji, taa za barabarani, bei ya karafuu, mwalimu anayedai posho, mtu anayewasahihisha jina la kijiji. Zina "ndugu" na "tafadhali" kila mstari wa pili. Zina "mkopo" pia, tena kwa hasira. Mkizikusanya katika faili moja mkaondoa majina na namba za simu, fundi yeyote wa seva kutoka Pemba hadi Kigoma atapata upande wa pili wa mizani yake. Sijui hazina nyingine iliyo karibu hivyo na isiyomvunjia mtu siri.

Kwa upande wa taka nako mna vyanzo viwili. Anwani yenu ya barua za wasomaji imechapishwa waziwazi kwa miaka, na sitashangaa kama anayekifungua kikasha chake asubuhi hufuta zaidi ya anavyosoma. Asifute. Awe na folda, avute humo zile anazozijua. Chanzo cha pili ni anwani za waandishi walioondoka. Hizi zisigeuzwe mitego siku ile ile mwenyewe anapokabidhi ufunguo, maana vyanzo vyake vya habari bado vitamwandikia. Kwanza zifungwe, kila anayeandika arudishiwe ujumbe kwamba anwani haipo, na hali hiyo iachwe kwa mwaka hivi. Watu wa kweli watasikia na kuacha. Wenye orodha za kununua hawasikii. Ikifunguliwa tena baada ya hapo, kitakachoingia ni chao.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nahangaika na barua pepe wakati wananchi wanaibiwa kwa ujumbe wa simu, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ni swali la haki. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, imeweka namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, Kenya wateja wa Safaricom wana 333, na kila mtu azitumie badala ya kucheka na kufuta. Lakini kwenye simu mwananchi hana pa kutega. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Huwezi kumiliki laini mia za chambo. Anwani ya barua pepe unaibuni kwa dakika moja na haikugharimu kitu. Hapo ndipo mtu wa kawaida anaweza kuanza kukusanya msamiati wa utapeli kwa Kiswahili, na msamiati huo hautofautiani sana ukiuhamishia kwenye simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa, nami naiheshimu. Ila mtumaji wa mjane wetu mwenye mamilioni sidhani kama yumo ndani ya mipaka yetu.

Mkiamua kuichapisha barua hii, naomba anwani yangu ya barua pepe isitokee chini yake, si kwenye karatasi wala mtandaoni. Nimeambatanisha anwani nyingine, mpya, haijawahi kutumika. Hiyo fundi wenu aiweke kwenye toleo la mtandaoni pekee, kwa maandishi yasiyoonekana, ili wasomaji wema wasije wakaniandikia humo wakaonekana matapeli. Akikwama anipigie baada ya alasiri, namba yangu ya simu mnayo.

Wenu,
Fundi wa seva,
Mchangani, Unguja